Ukaguzi wa Kunong'ona

Mwalimu Eugenia alistaafu akidhani atafuga kuku. Akajikuta analea watu wazima. Ilianza na Felician, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemwokota kituoni Kwa Mathias akiwa mifupa mitupu, unga wa kulevya umemla mpaka kujua leo ni siku gani ilikuwa kazi. Eugenia akampeleka nyumbani Mbwawa, akamuuguza arosto, yale maumivu ya kuacha unga, kwa uji na maombi. Hajapumua vizuri, akabisha hodi Vicent, aliyekuwa akivuta na Felician. "Shikamoo mwalimu. Nasikia hapa mtu anaweza kuacha." Baada ya Vicent wakaja wengine, na sebule ikajaa magodoro.

Mwili wa Felician ulirudi. Mashavu yalijaa, sauti yake ikasikika tena kwenye kwaya ya usharika. Usingizi ndio uligoma. Daktari alisema wengi huwa hivyo, avumilie. Basi alivumilia, macho kodo, na kulipopambazuka alitoka kutembea tu, kama mtu anayetafuta kitu bila kujua kilidondoka wapi.

"Mama mkubwa, unga ulikuwa unanizima kama taa," alimwambia siku moja wakichambua mchicha. "Kulala kwenyewe nimesahau kunaanzia wapi."

Mwenye nyumba alipotaka nyumba yake, Eugenia alikumbuka shamba la mikorosho aliloachiwa na mumewe, Bernard, upande wa Kisarawe, katika njia ya Mlandizi kwenda Mzenga. Palikuwa na kibanda tu na kisima. Ndipo usharikani likasomwa tangazo kwamba serikali inatoa ruzuku kwa vikundi vinavyowasaidia waraibu. Yeye na Vicent wakakaa na kuandika andiko la mradi, wakafuta, wakaandika tena. Palipoulizwa "matokeo yanayotarajiwa", Vicent alitaka maneno makubwa. Eugenia aliandika: watakula, watafanya kazi, watalala.

Mkutano wa kijiji, wa kuamua kama wajenge kituo hapo shambani, ulikuwa mgumu. Aliyesimama kupinga alikuwa Masanja, mfugaji aliyepakana na shamba. "Mwalimu, wewe tunakuheshimu. Lakini hao vijana wako ni mateja. Ng'ombe wangu wakipotea nitamuuliza nani?" Wengi wakaguna kumuunga mkono. Mtendaji akaandika kwamba suala hilo litaamuliwa baada ya mkaguzi wa ruzuku kufika.

Mkaguzi alifika wakati wa kipupwe, asubuhi yenye ukungu mzito. Vijana walikuwa wamelala kibandani tangu jana yake ili wafyeke na kufagia. Mikorosho ilikuwa imechanua, na harufu yake tamu ilining'inia kwenye unyevu. Mtu akisogea hatua chache alififia, akabaki sauti. Eugenia alijiona kama anatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine, akaomba huyo mtu asije akaamka.

Mkaguzi, msichana mpole aliyejitambulisha kwa jina la Loyce, aliamkia, akafungua faili lake na kuwaita vijana majina. Wengine wote waliitika. Felician hakuitika.

Vicent alimsogelea Eugenia. "Sema ameenda kliniki," alimwambia sikioni.

Neno hilo lilifika mpaka ncha ya ulimi. Eugenia akamtazama yule binti, akalimeza. "Felician ametoka alfajiri, mwanangu," alisema. "Sijui yuko wapi. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Loyce hakuandika kitu. Kabla hajauliza zaidi, kengele za ng'ombe zililia ndani ya ukungu, na Masanja akatokea anahema, mgolole umemdondoka begani.

"Mwalimu! Kijana wako kalala kule mpakani. Nimemwita, haitiki. Nadhani amekufa."

Eugenia hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka nyasi zilizolowa na kanga ya begani iliyobaki kwenye kichaka. Kichwani alikuwa ameshamzika Felician, kando ya mama yake, na kwaya inaimba bila sauti yake. Walimkuta chini ya mkorosho mkubwa, amejikunja ubavu, mikono katikati ya magoti kama mtoto. Maua madogo ya mkorosho yalikuwa yamemwagika nyweleni. Eugenia alipiga magoti, akaweka kiganja puani.

Pumzi ilikuwa ya moto. Ikaja, ikatulia, ikaja tena. Kisha Felician akakoroma.

Vicent aliinama, akamkagua midomo na kucha, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, machozi yalikuwa yanamtoka. "Aliyevuta unga husinzia shingo imevunjika, pumzi inakatika," alinong'ona. "Huu usingizi ni wa Mungu. Mwalimu, huyu kalala."

Hakuna aliyesema nyamazeni, ila wote walinyamaza. Ng'ombe mmoja alikaribia kunusa miguu ya Felician. Masanja akamsukuma taratibu kwa fimbo, kisha akasimama hapohapo, mgongo kwa kijana, akiwazuia wengine. Loyce alivua viatu vyake, akavishika mkononi.

Ukaguzi ukafanyika kwa kunong'ona. Alionyeshwa kisima, kibanda, mahali pa kujenga bweni. Aliuliza walio na homa watatibiwa wapi, akajibiwa kwa kunong'ona. Alipomaliza alirudi kwa Masanja. "Baba, nimesoma kwamba jirani anapinga. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Bado unapinga?"

Masanja alimtazama yule aliyelala. "Nimemwona anatembea huku kila walipokuja kufyeka," alisema polepole. "Nilijua anahesabu ng'ombe wangu. Kumbe anatafuta usingizi." Akahamisha fimbo mkono wa pili. "Wajenge. Lakini na uzio waweke."

Jua lilikuwa limeshakula ukungu wote Felician alipofumbua macho. Alimkuta mama yake mkubwa ameketi karibu, kanga yenye matope magotini. "Nimeota," alisema kwa mshangao. "Nimeota kitu cha kijinga tu, mama mkubwa. Nimeota nanunua sabuni."

"Kaote tena," alisema Eugenia, na hapo ndipo alipolia.

Ruzuku ilitoka, si yote waliyoomba. Bweni lilijengwa, jiko likabaki la makuti, na bustani wakaambiwa wasubiri mwaka mwingine. Kabla hawajahama Mbwawa, kijana mmoja alirudia unga, na Vicent hushinda siku nzima Mlandizi akimtafuta, hajampata. Felician hulala siku nyingine, nyingine hapana. Zile anazokosa usingizi, alfajiri humkuta Masanja ameshatangulia machungani, na wawili hao huswaga ng'ombe pamoja kuelekea mto Ruvu bila maneno mengi, mpaka kunapokucha vizuri.