Ila ya Mama Tereza

Mwaka tisini na sita, Daktari Muganyizi alifika Mwanza na tai moja shingoni na karatasi ya maswali kumi ya kupimia sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Kwa ile karatasi, jamani, alikuwa anaringa! Mwezi mzima hakumpata mwenye sonona hata mmoja, akaamua watu wa ziwani wana raha zao.

Siku moja akaingia Mama Tereza, muuza mapanki, yale mabaki ya sangara wa kiwandani, wa soko la Mirongo, ambaye zamani sauti yake ilifika kabla ya harufu ya samaki wake. Leo alinong'ona kwamba kichwa kinamuuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za usingizi?"

"Nzuri."

"Chakula je?"

"Tunashukuru."

"Na moyo?"

"Salama."

Hivyo hivyo mpaka swali la mwisho: kumi kwa kumi! Muganyizi akaandika panadol, akamwita anayefuata.

Nesi Bernadeta, aliyekuwa akipanga mafaili, akaguna. "Daktari, mbona unamkatiza? Hajafika kwenye ila."

"Ila gani?"

"Kwenu Bukoba mtu akifiwa, ukimuuliza habari anajibuje?"

Muganyizi akakumbuka msiba wa baba yake, mwaka uliopita. "Nzuri," alikuwa akiwajibu watu, "ila mzee ametutoka." Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akamrudisha mama kitini, akaweka kalamu chini.

"Mama, habari za usingizi?"

"Nzuri."

Muganyizi akanyamaza. Loo, kunyamaza kulivyomtesa mtu yule!

"Ila," Mama Tereza akasema, akivuta pindo la kanga, "tangu Pasaka naamka saa tisa usiku, naomba kusikuche. Chakula sikitaki. Beseni langu la samaki limekauka. Naona heri nisingekuwepo." Akalia, na Muganyizi, na tai yake, machozi yakamlengalenga.

Akampa vidonge, akamweleza kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, asiviache, na kila Jumatatu aje waongee. Bernadeta akaahidi kupita kwake kila jioni, na akapita kweli.

Wiki ya saba, sauti ilitangulia kutoka getini, ikigombana na mlinzi.

"Habari, mama?"

"Nzuri!"

Muganyizi akaweka kalamu, akasubiri. Akasubiri weee.

"Unangoja nini? Leo haina ila!" Mama Tereza akacheka mpaka Bernadeta akachungulia. "Na wewe, mwanangu, habari?"

"Nzuri," Muganyizi akajibu upesi.

Mama Tereza akatua beseni lake sakafuni, akakaa, akanyamaza.