Barua Isiyo na Kurugenzi

Barua niliikuta saa tisa na nusu alasiri, chini kabisa ya trei yangu. Mhandisi wa madaraja hakuzunguka mbuyu: nguzo ya tatu ya daraja la reli imepasuka, treni yoyote isipite. Pembeni palikuwa na maneno "Isubiri muundo mpya", na mwandiko ulikuwa wangu.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa sasa, na barua zote za wizara hupitia kwangu. Kurugenzi ya Reli ilipogawanywa, Miundombinu huku na Huduma kule, barua hii ilikwenda kwa mkurugenzi wa kwanza ikarudi imeandikwa "Si yetu", ikaenda kwa wa pili ikarudi vilevile. Nami, kwa ujuaji wangu, nikaiweka kando bila kuisoma. Siku tisa.

Treni ya saa kumi huendeshwa na shemeji yangu, mume wa dada, na akiwa kazini simu huizima.

Nikampigia mkuu wa stesheni, tena na tena, hadi akapokea.

"Dada yangu, wizara inatunga sera," akasema. "Treni inasimamishwa na Shirika la Reli, na Shirika linaagizwa na Katibu Mkuu. Kila wiki napigiwa simu za daraja kuvunjika. Wewe ni nani kwani?"

"Karani."

"Haya, karani." Akakata.

Katibu Mkuu alikuwa kikaoni na wakurugenzi. Nilikuwa sijawahi kuingia chumba kile bila kuitwa, lakini nikafungua mlango. Ukutani walikuwa wamemulika chati ya muundo mpya, visanduku na mistari. Nikaisoma barua kwa sauti. Mkurugenzi wa Miundombinu akamtazama wa Huduma, wa Huduma akaitazama chati.

"Nani aliikalia hii?" akauliza Katibu Mkuu.

Saini za wale wawili zilikuwepo, ningeweza kuwataja. Lakini saa ilikuwa kumi na dakika nane, treni ilishaondoka, na wangeanza kubishana.

"Mimi, mheshimiwa. Naomba upige simu kwanza, kunifukuza kutafuata."

Akapiga. Mimi nikatolewa nje, nikasimama ukumbini nimeegemea ukuta, simu mkononi. Zilipita dakika kumi na moja. Kisha dada akapiga.

"Mdogo wangu, baba watoto kanipigia, kasimamishwa njiani, daraja analiona lile pale. Wewe si uko wizarani? Kuna nini?"

Machozi yakanitoka kwa furaha. "Daraja bovu, dada. Yuko salama."

"Bovu tangu lini?"

"La muhimu yuko salama."

"Mbona juzi tulipita na watoto tukija kwako? Tangu lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni siku tisa, na kwamba muda wote barua ilikuwa mezani kwangu.

Hakunitukana wala hakukata simu. Nilimsikia tu akiwaita wanawe, mmoja mmoja, waje alipo.