Mlango Anaoutaka Mama

Nyumba ya Carmen pale Bangwe ilikuwa nzuri, wivu kando. Hata wale waliosema dada wa duka la dawa ameanza mashauzi walipanda mteremko kuitazama, wakashuka wakiisifu. Lakini Carmen hakuijenga ili atazamwe. Aliijenga ili mama yake asife maji.

Mama Mélanie alipita ziwani kwa mtumbwi kutoka Burundi wakati wa vita, Carmen akiwa bado tumboni. Mtumbwi ulipinduka wakiwa wameshaziona taa za upande huu. Mumewe alizama, na watoto wao wawili wakazama. Yeye akatoka na mimba yake, akakaa kambini, akamlea binti, akamsomesha, na habari ya maji hakuitamka tena. Carmen alijua tu kwamba alikuwa na kaka na dada. Majina yao hakuyajua, wala hakuthubutu kuyauliza.

Mwaka jana Mama Mélanie alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi na mkono ukarudi, ila Kiswahili chake chote, cha miaka na miaka, kikapotelea hukohuko. Kikabaki Kirundi peke yake. Na hapo ndipo alipoanza kushuka ziwani. Mara mbili wanawake wanaoanika dagaa walimtoa maji yakiwa yamemfika kifuani. Hakulia wala hakupambana nao. Walisema alikuwa akitazama mbele kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

Daktari akasema mama anahitaji mahali pa kutuliza akili, penye mwanga, hewa na ukimya, wala asibanwe. Carmen alikuwa mtu wa kushika neno. Akajifungia na simu yake, akatazama mafundisho yote ya nyumba zinazoponya mawazo. Akajifunza kwamba rangi ya kijani hafifu hupoza moyo, kwamba kona kali huchosha macho, kwamba vitu vikiwa vichache na kichwa hupumua. Fundi Pastory, mtu wa Sumbawanga, akajenga kila alichoambiwa, akanung'unika kila alipoambiwa. Kona za chumba cha mama akaziviringisha. Chumba chenyewe kikalipa ziwa mgongo, kikatazama mlimani, ili mama asiyaone maji. Kisha Carmen akamtafuta Shadia, mwanamke mtu mzima wa Ujiji, akae na mama amtunze. Yeye mwenyewe akarudi Buzebazeba dukani kwake, akawa anakuja Jumamosi na matunda.

Unaniuliza Buzebazeba na Bangwe ni mbali kiasi gani? Bodaboda hata haichoki. Lakini duka ni duka, na Carmen alijiambia kwamba mama sasa ana kila kitu.

Mama hakulala. Shadia alisema anakaa kitandani macho wazi, usiku kwa mchana. Jumamosi ya kwanza Carmen alimkuta akipapasa ukuta wa kijani.

"Ndashaka umuryango," mama akasema.

Kirundi cha Carmen kilikuwa cha salamu na cha kuombea chumvi, kwa hiyo alifurahi mno kuelewa. Ndashaka ni nataka. Na umuryango, hata mtoto angejua, ni mlango. Mjini Kigoma Warundi wamejaa, angemuuliza mtu yeyote sokoni. Lakini nani huuliza maana ya neno analolijua?

"Chumba kina mlango tayari, dada," Pastory alisema.

"Anataka mwingine. Toboa."

Pastory akatoboa upande wa mlimani. Mama akautazama ule mlango mpya, akatazama nje, akarudi kukaa. "Umuryango," akasema, safari hii akielekeza kidole ukuta wa nyuma, upande wa ziwa.

Carmen aliogopa. Alizunguka uani akijadiliana na nafsi yake. Mwisho akaona kwamba mtu aliyefungiwa ndiye anayetoroka, na daktari alisema asibanwe. Mlango ukatobolewa, ukawekwa komeo juu, mahali ambapo mkono wa mama haufiki. Kutoka hapo ziwa lilionekana lote, limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo.

Mama alisogeza kiti, akakaa akiuelekea. Hakujaribu kutoka. Carmen alimshukuru Mungu kwa sauti.

Wiki iliyofuata Shadia alimpigia simu dukani. "Dada, nakuambia usinicheke. Mimi nafunga komeo la mlango wa ziwani. Nikienda jikoni nikarudi na uji, mlango uko wazi. Na sakafuni kuna maji."

"Ananawa huyo."

"Ananawa na miguu ya nani? Hizi nyayo ni ndogo, dada. Za mtoto."

Carmen alikuja Jumamosi akiwa na hasira ya kutosha. Ilikuwa saa sita, jua linawaka mpaka mabati yanalia, na tangu mvua zikatike njia yote ya mteremko ilikuwa vumbi tupu. Akaingia chumbani. Mlango wa ziwani ulikuwa wazi. Juu ya saruji nyekundu, nyayo za maji zilitoka kizingitini, kubwa za mtu mzima na ndogo pembeni yake, zikaenda mpaka kitandani kwa mama. Carmen alizifuata kwa macho mara mbili, tatu. Zilikuwa za kuingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

Mama alikuwa anakula. Alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mawese, akaliweka ukingoni mwa sahani upande usio na mtu. Kisha akakata jingine.

"Umuryango," alimwambia binti yake, na machozi yakamtoka.

Carmen, kwa kuchanganyikiwa, akampigia Pastory aje atoboe ukuta uliobaki. Pastory alifika mpaka kizingitini, akaziona nyayo, akakunja futi yake akaitia mfukoni.

"Mimi hapa sitoboi tena," alisema. "Nyumba yenye milango mingi kuliko watu hujitafutia watu."

Akaondoka bila kuaga, yeye anayependa chai kuliko kazi.

Carmen angeng'ang'ania kutafuta fundi mwingine, maana kwa ubishi alikuwa hodari, lakini Jumatano Shadia alikuja dukani akiwa ameshavaa kanga za kutokea. "Naomba ruhusa siku chache. Kuna harusi Ujiji, ya mlango wetu. Nisipoonekana watanisema mpaka kiama. Mama nimemwachia jirani wa chini."

"Mlango gani wenye harusi?"

Shadia akacheka. "Mlango, dada. Ukoo. Watu wetu, tuliotoka tumbo moja. Sisi wa Ujiji ndivyo tunavyosema. Kwani kwenu hamsemi?"

Carmen alikuwa ameshika kopo la dawa. Alilirudisha kwenye rafu, likaanguka, hakuliokota. Kwao wanasema. Kwao wanasema hivyohivyo, umuryango ni mlango na ni ukoo, na mama alikuwa akililia usoni kwake Jumamosi baada ya Jumamosi, naye akimletea mafundi na mapapai. Mama hakutaka tundu ukutani. Alitaka watu wake. Na wa kwake aliye hai alikuwa mmoja tu, akiuza dawa Buzebazeba. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Kisha ikaja hofu, akaiona waziwazi. Kwa kuwa yeye hakwenda, walikuwa wameitika wengine.

Akafunga duka mchana kweupe. Akafunga godoro lake nyuma ya bodaboda, wakapanda Bangwe.

Jirani wa chini alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Alisema humo ndani hakai, amesikia watoto wakicheka. Carmen akaingia peke yake, godoro begani.

"Mama, ni jewe," alisema kwa kile Kirundi chake cha chumvi. Ni mimi. Hakujua kusema nimekuja kukaa, kwa hiyo akalionyesha godoro.

Mama Mélanie alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa alivyozoea kupapasa kuta. Kisha akatazama nyuma ya mgongo wake, huku na huku, polepole, akiitikia kwa kichwa kila macho yalipotua, kama mama anayehesabu wanawe kabla ya kufunga nyumba. Uso wake ukalegea. Carmen hakuwahi kuuona umelegea hivyo maishani mwake.

"Ugara," mama akasema. "Bose barinjiye."

Hilo Carmen alilielewa lote, na safari hii hakukosea. Funga. Wote wameingia.

Akaenda kwenye mlango wa ziwani akapandisha komeo. Alipogeuka, mama alikuwa ameshalala, anakoroma. Sakafu yote ilikuwa imelowa, kuanzia kizingiti mpaka miguuni pa kitanda. Pembeni ya mama tu ndipo palipokuwa pakavu, mahali pa kutosha godoro moja.

Carmen alisimama pale mpaka jua likageuka dirishani. Kisha akalitandika godoro mahali alipoachiwa, akalala, akakunja magoti ili asiwabane.