Laini Iliyokatwa kwa Mkasi

"Na yule wa mbali, naye umemwambia?"

Hilo ndilo swali ambalo jirani alimuuliza Mshonaji, siku aliyorudi na simu mpya ndani ya boksi, kaibeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Jirani alikuwa anaanika nguo, wala hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mlango umefungwa. Mshonaji akacheka, akamjibu kwamba watoto wa siku hizi hawapotezi mtu, wanatafutana hata chini ya maji. Jirani akabana shuka kwenye kamba, akasema haya, mimi nimeuliza tu.

Wa mbali ni Sindano, mwana wa katikati wa Mshonaji, aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake. Mwaka wa tatu sasa alikuwa ugenini, akipakia na kupakua malori. Simu yake ilitumbukia mtoni, na namba zote zikaenda na maji isipokuwa moja. Namba ya mama yake ilikuwa kichwani mwake tangu darasa la pili. Mshonaji alimfundisha kwa kuiimba huku akikanyaga cherehani, tarakimu baada ya tarakimu, ili siku akipotea sokoni aweze kuwaambia watu wampigie nani. Basi kila mwezi, au mwezi na nusu, Sindano aliazima simu ya mtu akapiga. Yalikuwa maneno machache tu. Mama, mzima? Mzima, baba. Unakula? Nakula. Simu ikikatika, Mshonaji aliusubiri moyo wake utulie kwanza, akapiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa, akashukuru.

Kilichomtoa kwenye namba hiyo ni ugomvi usiokuwa wake.

Mtaani kulikuwa na kampuni mbili za simu, na watu waliziita kwa alama zake: Kengele na Mbayuwayu. Duka la Kengele lilikuwa upande huu wa barabara, hema la Mbayuwayu upande ule, na vipaza sauti vyao vikitukanana kutwa kwa lugha ya biashara. Ndani ya duka la Kengele alifanya kazi kitindamimba wa Mshonaji, binti mwenye mdomo mkali na mikono myepesi. Chini ya hema la Mbayuwayu alifanya kazi mke wa mwanawe mkubwa. Wifi na wifi walipishana asubuhi wakiwa na fulana zao, mmoja akimwambia mwenzake, "Leo nakuja kukuchukulia wateja wako," na mwenzake akijibu, "Njoo na gunia, maana kwa mkono hutawabeba." Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye wakaacha kucheka.

Mwezi ule Mbayuwayu walileta simu janja ya bei poa, nzuri, yenye kioo kipana, ila haikukubali laini ya kampuni nyingine yoyote. Na masharti yalikuwa haya: njoo na laini ya Kengele, ikatwe kwa mkasi mbele ya watu, itupwe ndani ya chupa kubwa la kioo lililowekwa juu ya meza, ndipo uipate simu kwa nusu bei. Watu walisimama kuliangalia chupa lile likijaa, kama wanaangalia meno yaliyong'olewa.

Mkwe alikuwa nyuma ya wenzake wote. Msimamizi wake akamwambia mbele ya kundi kwamba mtu ambaye hajaleta hata mama mkwe wake, wageni atawaleta kwa dawa gani. Siku hiyohiyo mkwe akaja kwa Mshonaji, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia bila sauti. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mshonaji hakuweza kumtazama. Akavaa viatu.

Mkasi ulipolia, Mshonaji alihisi kitu kidogo shingoni, kama uzi uliokatika. Kabla hajajua alihisi nini, msimamizi alikwisha kamata kipaza sauti na kuugeuza mdomo wake kuelekea ng'ambo ya barabara. "Wananchi, hata mama mzazi wa muuzaji wa Kengele amehamia kwetu. Mama mzazi." Hema zima likapiga makofi. Ng'ambo, kwenye mlango wa duka, kitindamimba alikuwa amesimama na karatasi mkononi, akiyasikia yote.

Jioni alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Mama, umenichinja mbele ya watu," alisema. "Bosi wangu kaniuliza kama nyumbani kwetu tunajuana."

Mshonaji alimweleza habari ya mkwe, ya mimba, ya machozi. Binti akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema namba haijapotea. Kampuni yao huiweka namba iliyolala kwa siku tisini kabla ya kuigawa upya. Yeye angeweza kuirudisha kwa dakika tano kwenye kadi mpya, mama akaitia kwenye ile simu yake ya zamani ya batani iliyobaki kwenye droo. "Lakini uje uiombe dukani, mbele ya wateja. Ilikatwa hadharani, irudi hadharani."

"Mimi nimekuzaa," Mshonaji akamjibu. "Sitakuja kupanga foleni kwenye kaunta nikuombe."

Binti akatikisa mabega. Mama akaikanyaga cherehani. Hapo ndipo penyewe, maana wote wawili walikuwa na shingo moja ngumu, na ya binti ilitoka kwa mama.

Wiki zikapita. Mshonaji alimwomba Mungu kila alfajiri amlainishe binti yule moyo, asimwombe hata mara moja amlainishe na wa kwake. Simu mpya ilipiga picha nzuri na kumwonyesha ibada za watu wa mbali. Haikuleta sauti ya Sindano. Mshonaji alijiambia kwamba kijana yuko njiani, kwamba atauliza watu, kwamba Mungu hamwachi mja wake. Siku ya sitini alivaa viatu ili aende dukani, akafika kwenye kona, akaliona lile hema na lile chupa, akaona haya, akarudi. Siku ya themanini alianza kuhesabu, akakosea, akadhani ni sabini na tano. Mfumo wa Kengele haukukosea.

Ikawa mchana mmoja wa jua kali. Mshonaji alikuwa anapinda sketi ya shule alipomsikia mwanamume akimuuliza jirani kule nje, kwa sauti ya chini, "Samahani dada, hapa ndipo nyumbani kwa marehemu, yule mshonaji?"

Mshonaji akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Marehemu yupi?" akaita kutoka ndani. "Mshonaji ni mimi."

Mwanamume akaingia kofia mkononi, akamtazama, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa mpagazi, mwenzake Sindano kwenye malori, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa ametumwa na Sindano kuleta rambirambi nyumbani na kuuliza mama amezikwa wapi.

Alieleza kwa kukatakata. Sindano alipiga namba ya mama, mara ya kwanza hakuipata, wiki nyingi akawa haipati. Kisha siku moja ikaita. Akapokea mwanamume. Sindano akapiga tena na tena, akidhani amekosea, na mara ya mwisho yule mtu akamwambia mwenye namba alikwisha kufa. "Mama, alikaa chini kwenye vumbi, mifuko ikapita juu ya kichwa chake," alisema mpagazi. Kulikuwa na watu wanaochimba visima huko jangwani, mkataba wa miaka mitatu, hakuna kutoka wala likizo. Sindano alikuwa ameukataa mara mbili kwa ajili ya mama yake. Sasa aliusaini. Akasema hana tena wa kumrudia.

"Gari lao linaondoka lini?" Mshonaji aliuliza.

"Waliambiwa leo au kesho."

Mshonaji hakulia. Alichomoa pini zilizokuwa mdomoni, akazichoma kwenye mto wake moja moja, akamwambia mpagazi amfuate. Njiani alitembea upesi kuliko kijana yule, akisema chini kwa chini, leo au kesho, Bwana, ifanye kesho.

Duka la Kengele lilikuwa na foleni. Mshonaji aliipita foleni yote hadi kaunta, na watu walioanza kunung'unika walipouona uso wake wakarudi nyuma. Akaiomba namba yake mbele ya wateja, kama alivyotakiwa kuiomba miezi mitatu nyuma. Akaitaja tarakimu kwa tarakimu, na bila kujua akaitaja kwa ule mdundo wa kuimba.

Binti hakuandika kitu kwenye mashine. Alibaki na vidole juu ya vitufe.

"Ina mtu," alisema.

"Umejua bila kuangalia?" Mshonaji akauliza.

Mkuu wa duka, mtu mpole mwenye miwani, alisogea kusaidia, akaiingiza namba mwenyewe. Akasoma kwa sauti, bila kujua anasoma nini: imesajiliwa upya siku tisa zilizopita, mteja ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, na muuzaji ... Akamgeukia binti. "Si wewe uliyeiuza? Jina lako hili hapa."

Mshonaji alimtazama binti yake. Aliwahi kumwona hivyo akiwa na miaka sita, amevunja kioo.

"Uliiona?" akamuuliza.

"Niliiona, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuja mwisho wa mwezi, kwenye fungu la namba za kugawa upya. Nilikuwa sijafikisha idadi ya mauzo, na walisema anayeshindwa kufikisha haji kesho. Yule mlinzi akataka namba rahisi kukumbuka. Nikaishika. Nikasema moyoni, mbona mama aliichagua Mbayuwayu mwenyewe, mbona hajaja. Nikampa." Kisha akaongeza, "Nilikungoja, mama. Kila siku nilikuwa naangalia mlango."

Hakukuwa na nafasi ya kuyapima maneno hayo. Mshonaji akasema mpigie huyo mlinzi, na binti akapiga kwa simu yake mwenyewe, akaiweka kwa sauti ya nje juu ya kaunta. Mlinzi akapokea kwa sauti ya usingizi. Alipoambiwa anaongea na nani, alisikika akiinuka kitandani.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nalala mchana. Yule kijana alipiga mara saba siku moja, anataka mama, anataka mama. Nikamwambia mama kafa, ili aniache nilale. Nilitamka tu." Akasema kijana alipiga tena jana jioni, kuuliza kaburi liko wapi, na yeye akakata kwa aibu. Namba aliyotumia ilikuwa bado kwenye simu. Akaisoma.

Binti aliiandika kwenye kiganja chake. Tarakimu ya nne akaiandika mara mbili, akaifuta kwa mate. Foleni nzima ilikuwa imesogea, kila mmoja na fomu yake mkononi, hakuna aliyeuliza lini atahudumiwa. Simu ikaita. Ikaita tena. Mshonaji alishika ukingo wa kaunta, midomo ikienda.

Aliyepokea alikuwa mwanamke, na nyuma yake masufuria yalikuwa yanagongana. Alikuwa na banda la chakula nje ya uwanja wa malori, na vijana huazima simu yake.

"Yule mwembamba?" alisema. "Ameondoka nao alfajiri. Nilimtilia chai, hakuinywa."

Mshonaji aliinama karibu na simu. Akauliza kama kuna mtu yeyote kwenye gari lile mwenye simu. Mwanamke akasema simu wanazo, lakini huko wanakokwenda hakuna mnara, si wa kampuni hii wala ile, na kambi zenyewe huhama. Kuna dereva anayepeleka maji na unga. Hurudi baada ya miezi mitatu, pengine minne, akirudi. Angemwambia dereva. Asingeweza kuahidi kwamba dereva atamjua kijana mmoja kati ya mamia.

"Mwambie mama yake yupo," Mshonaji alisema. "Sema hivyo tu. Mama yupo."

"Nitasema, dada. Niandike nikupigie kwenye namba gani?"

Kutoka ng'ambo ya barabara kipaza sauti cha Mbayuwayu kiliingia mlangoni, kikihesabu waliohama siku hiyo. Binti ndiye aliyejibu, akaitaja namba yake mwenyewe, akaitaja mara mbili, kisha akakata.

Mpagazi aliyekuwa amesimama nyuma akavaa kofia yake, akaivua tena. Mkuu wa duka alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Binti alizunguka kaunta akaja upande wa wateja, mahali ambapo wafanyakazi hawaruhusiwi kusimama saa za kazi, na machozi yalikuwa yameshuka hadi kwenye ile kengele iliyochorwa kifuani pake. Alitaka kumshika mama mkono na hakuthubutu. Mdomo wake, uliozoea kaunta, ukatangulia moyo.

"Mama, ngoja nikufungulie nyingine," alisema. "Nitakutafutia inayofanana na ile. Zipo, zinapishana tarakimu moja tu."

Mshonaji alimtazama. Akanyoosha mkono, akamtoa binti uzi uliokuwa umemnasa begani, labda uliotoka kwenye nguo ya Mshonaji mwenyewe binti alipomsogelea. Akaufikicha katikati ya vidole. Watu wa foleni wakampisha, wakaacha njia nyembamba hadi mlangoni, naye akapita katikati yao taratibu, akatoka nje kwenye jua.