Randa ya Mzee Bakari

Jana mchana, baada ya wali maharage, niliota nimelala pale pale nilipolala: juu ya meza ya ofisi ya usajili, chuo cha uuguzi. Sikushangaa.

Mbele yangu, kwenye kompyuta, skripti, programu fupi ya kuchapa vyeti, ilisubiri kubonyezwa. Nafasi kwenye vyeti ilikuwa finyu, nami kabla ya kulala nilikuwa nimeandika amri ya kukata jina la tatu, la babu, kwa kila mhitimu. Kwa lugha ya kompyuta, kazi hiyo inataka alama moja ya asilimia, %; zikiwa mbili, hukata kila kitu baada ya jina la kwanza. Kwa haraka zangu niliweka mbili.

Asilimia wawili wanashuka kutoka kwenye skrini, mkasi mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Tumekuja kukata."

"Marahaba. Kateni la babu tu."

"Hiyo ni kazi ya mmoja. Wawili tunabakiza neno la kwanza."

Ukuta unaondoka. Tuko uwanja wa mahafali. Nyuma ya kila mhitimu amesimama baba yake, na nyuma ya baba, babu. Marehemu nao wamekuja, kanzu zimepigwa pasi.

Mkasi unapita. Baba na babu wanatoweka kwa mkupuo, mstari baada ya mstari. Wanabaki wahitimu wawili, wote Somoe, wanatazamana, na cheti kimoja mezani. Ni cha yupi? Hakuna ajuaye.

Mzee mmoja anagoma kutoweka. Ni Bakari, seremala, baba wa Somoe mmoja, aliyefariki binti huyo akiwa mwaka wa kwanza.

"Mwanangu huyu nimemsomesha kwa randa hii. Leo aitwe Somoe tu, kama kaokotwa?"

"Nisamehe, baba. Maji yameshamwagika."

"Hayajamwagika. Hujabonyeza."

Anamlaza Asilimia mmoja mezani, anampiga randa mpaka anakwisha. Mzee akapangusa jasho.

"Huyo wa pili nakuachia. Baba yangu yuko nyuma yangu, anakutazama."

Nikazinduka. Kwenye skrini ilibaki asilimia moja. Nikaifuta pamoja na amri yake kwa mkono wangu, nikapunguza ukubwa wa herufi, majina matatu yakaenea.

Meza zetu zote ni za chuma. Lakini juu ya kibodi palikuwa na kibanzi chembamba cha mbao iliyopigwa randa, kimejikunja, kinanukia mninga. Nimekitia kwenye bahasha ya cheti cha Somoe Bakari Nampembe. Ataijua harufu.