Ekzosi ya Delfina

Jumamosi asubuhi, baada ya kahawa ya pili, Secondo Gribaudo alisimama kwenye gereji ya Nevio akizitazama ekzosi mbili mpya, yaani mabomba ya moshi, zilizolazwa juu ya blanketi. Moja ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, inang'aa kama sinia la harusini, na nyuma ilikuwa na midomo miwili. Nyingine ilikuwa nyeusi, umbo lilelile la zamani, haina makuu. Juu yazo, kwenye lifti ya kuinulia magari, ilining'inia Fulvia ya Secondo, gari la buluu la milango miwili alilolinunua mwaka aliooa. Chini ya tumbo lake bado ilikuwepo ekzosi ya zamani, kutu imeila mpaka imetoboka.

Maonyesho ya magari ya kale ya Valdorsa yalikuwa yanakaribia, na Secondo hakutaka kupita mbele za watu na gari linalotoa mlio wa sufuria.

"Hii ya kung'aa ni ya vijana," alisema. "Gari lenyewe ni bibi wa watu. Utamvalisha bibi viatu vya dansi?"

"Kuna mabibi wana miguu yao, usiwadharau," alisema Nevio, akaanza kufungua nati.

Walianza na ile ya kung'aa. Ilinguruma nene, kutoka tumboni, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo barazani ng'ambo ya barabara akapiga makofi. Lakini ile midomo miwili ilichomoza chini ya bampa kama meno ya dhahabu kwenye kinywa cha padri. Secondo akatikisa kichwa. Wakaifunga ile nyeusi. Ilikaa vizuri sana, ungedhani gari limezaliwa nayo, ila mlio wake ulikuwa wa cherehani.

"Basi lehemu ile ya zamani," Secondo alisema. "Tuisikie mara ya mwisho, nijue natafuta nini."

Nevio aliweka kiraka, akalehemu, akairudisha mahali pake na kuwasha injini. Ekzosi ilikohoa kikohozi kirefu, kikavu, halafu ikatulia.

"Secondo," ilisema, "umevaa fulana ya ndani?"

Secondo alijibu kwamba amevaa.

Nevio alizima redio. "Huyo si shemeji Delfina?"

"Ndiye."

"Anasikika kwa mbali."

"Itakuwa kabureta."

Nevio alichukua bisibisi, akageuza skrubu kidogo kushoto, kidogo tena, na Delfina akasogea karibu kama mtu aliyeingia chumbani. Aliuliza nani amelikata lile tawi la mtini, na kwa nini sahani za maua hazitumiki. Secondo alimjibu moja baada ya jingine, mikono mfukoni. Nevio alinawa mafuta, kisha akaenda kununua mkate ili awaache wawili hao wazungumze.

Delfina, mke wa Secondo, alikuwa amekufa miaka mingi kabla ya hapo, kwa ugonjwa wa mapafu ambao Valdorsa kila nyumba inaujua. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Mhandisi Brondello, chumba cha kushindilia. Kila ekzosi ina mtungi katikati unaomeza kelele, na siku zile mitungi hiyo ilijazwa nyuzi nyeupe za asbesto. Wanawake walizichota kwa mikono, wakazitia ndani, wakazishindilia kwa mti mpaka mtungi ukawa mzito. Ekzosi ya Fulvia aliishindilia mwenyewe, ikawa zawadi yake kwa mumewe. Alibana nyuzi nyingi kuliko ilivyotakiwa, ili gari lao liwe na sauti ya watu wenye heshima zao. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumkuta mle ndani. Pumzi yake yote aliimalizia kwenye mitungi ile. Sauti nayo ingekwenda kukaa wapi?

Wajane, wanaume kwa wanawake, waliwahi kumshtaki Mhandisi. Kesi ilitoka mahakama hii ikaenda ile, mawakili wakaota mvi. Mwishowe waliambiwa kwamba kosa lipo, waliokufa wamekufa kweli, ila muda wa kumtia mtu hatiani umepita. Kila mtu akarudi kwake. Mhandisi naye alirudi kwake, kwenye nyumba yenye bustani juu ya mto, na klabu ya magari ya kale ikamfanya rais wake wa heshima.

Secondo aliiendesha Fulvia mpaka nyumbani ikiwa na ekzosi ya zamani. Shemeji yake Irma, mdogo wake Delfina, aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini, alisikia sauti uani. Akatoka na kiti cha jikoni, akakiweka nyuma ya gari, akainama.

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nasikia vitunguu saumu."

"Hereni za mama uliziweka wapi?"

"Si nilikwambia? Ndani ya kopo la unga."

"Kopo la unga nilishalitupa!"

"Basi umetupa hereni za mama. Ulikuwa hivyohivyo tangu mtoto, mikono myepesi kutupa."

Hawakusemeshana mpaka wakati wa chakula. Irma alikula supu yake akiwa amewapa mgongo dada yake na gari.

Siku zile chache uani hapakukosa maneno. Secondo aliwasha injini kila alipomaliza kunywa kahawa, akakaa kwenye ngazi. Kila Delfina alipozungumza, ekzosi ilitoa vumbi jeupe, jepesi kama poda ya mtoto. Lilitua juu ya mrehani, juu ya shuka zilizoanikwa, juu ya nywele za Irma. Daktari Pautasso alipokuja kuchukua nyanya alizoahidiwa, alipitisha kidole juu ya boneti akakitazama.

"Secondo, hii ni asbesto ileile."

"Ndiyo, daktari."

"Kila anapofungua mdomo inatoka."

"Ndiyo maana siku hizi hasemi sana. Anatuhurumia."

"Funga ile ya chuma kinachong'aa. Nimeisikia nikiwa kliniki, ina mlio mzuri kweli."

"Mlio inao," Secondo alisema, "ila haina la kusema."

Daktari alichukua nyanya zake. Alikuwa amewazika wagonjwa wengi wa chumba kile.

Ni Irma aliyegundua kwamba Delfina hakuwa peke yake. Walikuwa wakipanda mlima kwenda kuchukua divai, na Secondo alipokanyaga mafuta kwenye kona kali, zilitoka sauti nyingine, moja juu ya nyingine, kama wanawake waliofungiwa ndani ya basi.

"Huyo Palmira wa kiwandani!" Irma alisema. "Na Tersilla! Tersilla, mwanao wa mwisho amepata kazi posta!"

Tersilla alishukuru. Kisha wote walianza kueleza habari za madirisha. Siku wakaguzi walipokuja, Mhandisi aliamuru madirisha yafunguliwe na sakafu imwagiwe maji. Wakaguzi wakishaondoka yalifungwa tena, kwa sababu upepo uliwapotezea nyuzi. Alikuwa akipita katikati ya meza zao na leso puani, akawaambia vumbi lile halina ubaya kuzidi unga wa mkate. Palmira alimuuliza siku moja: mbona bwana umeziba pua? Juma lililofuata Palmira akahamishiwa kwenye mashine kubwa, penye vumbi zaidi.

Walipofika juu na mwendo ukapungua, sauti zilififia akabaki Delfina akihema.

Irma alijifuta macho. "Yasemeni mbele ya Mhandisi," alisema, akiigongagonga dashibodi. "Jumapili atakuwa jukwaani. Mahakamani mlisemewa na karatasi. Safari hii mseme wenyewe."

Secondo alikuwa mtu mpole, na katika maisha yake yote hakuwahi kumpandishia mtu sauti, hata refa. Lakini aliporudisha gia kuteremka, Irma aliona kwamba amekaa wima kuliko kawaida yake. Kitu kama tumaini kilikuwa kimemwingia, naye hakujua akiweke wapi.

Alirudi kwa Nevio kuandaa ekzosi kwa ajili ya siku hiyo. Wakaisugua kutu kwa brashi ya waya, wakaipaka rangi ya fedha isiyoungua, kwa sababu Delfina asingekubali kusimama mbele za watu akiwa hovyo.

"Mdomo wangu umekaa sawa?" aliuliza.

"Umeinama kidogo kushoto," alisema Nevio.

"Basi uunyooshe, mwanangu. Watu wataanza kusema Secondo ameoa kiwete."

Nevio alipasha chuma moto, akaunyoosha. Alirudi nyuma hatua kadhaa akafumba jicho moja. Ilikuwa ekzosi nzuri, nyembamba, yenye adabu, kama aliyoitaka Secondo tangu mwanzo.

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na bendi ya zimamoto, keki za karanga za mlimani na magari yaliyosuguliwa mpaka ndege wakajiona humo. Mhandisi Brondello alikaa jukwaani katikati ya meya na mkewe, amevaa koti la rangi ya ngamia, blanketi magotini. Alikuwa mzee sana. Kila gari lilisimama mbele yake, dereva akakanyaga mafuta kidogo, waamuzi wakasikiliza mlio na kuandika.

Zamu ya Fulvia ilipofika, Irma alishuka akasimama kando, mkoba kifuani. Secondo alivua kofia. Aliondoa gia, akakanyaga mafuta taratibu mpaka sindano ya mizunguko ya injini ikafika pale walipokuwa wanawake, akashikilia hapo.

Wakasema. Hawakupiga kelele, walisema kama watu wanaotoa ushahidi, kila mmoja na jina lake, jina la mumewe na mwaka aliolazwa. Walisema habari za madirisha. Walisema habari za leso. Palmira alirudia swali lake, na mara hii halikuzimwa na mashine yoyote. "Ulijua," Delfina alisema mwisho. "Ulijua kabla yetu, ukatuacha tukapeleka vumbi nyumbani kwenye nywele, tukalala nalo na watoto wetu." Bendi ilikuwa imenyamaza. Uwanja mzima ulisikia, mpaka wale waliokaa kwenye meza za baa chini ya matao. Vumbi jeupe lilipanda likatua juu ya blanketi la Mhandisi.

Mhandisi alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, macho nusu yamefumba, kama mtu anayeonja divai. Kisha akamwinamia meya.

"Ile ni yetu," alisema, na kipaza sauti kikamnasa. "Kazi ya Valdorsa hiyo. Siku hizi hawatengenezi tena hivi."

Mtu fulani alipiga makofi, labda kwa kuona kwamba mzee amemaliza kusema, na wengine wakafuata, hata wajane, maana mikono ilishazoea. Waamuzi walishauriana. Fulvia ya Secondo Gribaudo ikapewa kombe la mlio halisi wa zamani.

"Mmesikia walichosema?" Irma aliwauliza waamuzi. "Nyie, mmesikia?"

"Tumesikia, mama," alisema mmoja wao kwa upole. "Kila neno. Ndiyo maana tumewapa."

Mke wa meya alimletea Irma kiti na glasi ya maji. Mhandisi alimkabidhi Secondo kombe kwa mikono miwili, akamwambia asiibadilishe ekzosi ile kwa hali yoyote. Secondo alimtazama usoni akitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi, ameyaweka miaka yote hiyo. Nyuma yake askari alimwashiria asogee, magari mengine yanasubiri. Secondo akasema asante.

Walirudi nyumbani kwa barabara ya mtoni, Irma nyuma, kombe mapajani.

"Alisema nini?" Delfina aliuliza walipofika kwenye daraja. "Makofi yalinizidi."

"Alisema siku hizi hawatengenezi tena hivi."

Delfina alifikiri mpaka wakavuka.

"Ni kweli," alisema. "Tulizishindilia vizuri."

Jumatatu Secondo alimwambia Nevio kwamba hazitaki tena zile ekzosi mbili mpya. Ile nyeusi iliuzwa kwa mtu wa mbali, na ile ya kung'aa Nevio aliifunga kwenye gari la mjukuu wa Mhandisi, aliyefurahi nayo sana.

Majira ya baridi waume waliofiwa walianza kuja uani. Walikuja baada ya misa, na viti vyao, wakakaa nyuma ya Fulvia wakati Secondo akikanyaga mafuta ndani. Mume wa Tersilla alileta divai. Waliongea na wake zao habari za bei, za magoti, za nani ameoa nani. Daktari Pautasso aliwaletea barakoa, wakazipokea kwa shukrani na kuziweka mfukoni, kwa sababu ukiwa umevaa barakoa mtu hakusikii vizuri.

Mwezi Machi sauti ya Delfina ilianza kukatika, na Secondo akalipeleka gari kwa Nevio. Nevio aliinua boneti, akaweka sikio, akageuza skrubu, akasikiliza tena. Kikohozi kilikuwa pale, kirefu na kikavu, lakini hakikufuata mzunguko wa injini. Alizima. Kikohozi kiliendelea.

Nevio aligeuka, bisibisi mkononi, akamtazama Secondo kifuani.

"Mzee Secondo," alisema, "naomba usimame nje kidogo, hapo barabarani. Nataka nimsikie shemeji peke yake."

Secondo alivaa kofia yake, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.