Visiki vya Miringaringa

Chaga ni kitu cha kijinga ukikitazama: mbao chache zilizogongelewa juu ya mihimili, kitanda kisicho na godoro. Lakini magunia ya ngano yakilazwa juu ya saruji tupu yananyonya unyevu na kuota ukungu, na hapo ndipo wakubwa wa shamba la serikali walipokumbuka kwamba wana fundi anayeitwa Isidori. Siku nyingine zote chaga zilirushwa kutoka kwenye lori kama mawe, na zilizovunjika mpishi wa kantini alizichochea chini ya sufuria la maharage. Isidori alikuwa ameshapiga kelele mpaka koo likamkauka: nileteeni nizitengeneze, ubao mmoja ukivunjika chaga haijafa! Walimcheka. Miti si ipo, walimwambia.

Mwaka huo miti haikuwapo. Msitu wa mlimani ulikuwa umefungwa, lori la mbao lilikwama kwa kukosa dizeli, na ngano ilikuwa imeshaiva. Bwana Julius, meneja wa shamba, alimwita Isidori ofisini, akanyoosha kidole dirishani.

"Ile miringaringa pale katikati ya shamba. Kata, utengeneze chaga."

"Mzee, pale kuna kaburi."

"Liko wapi? Mimi naona nyasi."

Ni kweli, alichokiona ni nyasi. Aliyelala pale alikuwa baba yake Gidahosh, mfugaji wa upande wa Gendabi. Walipomzika walimwinulia kilima cha udongo, kama wanavyofanyiwa wazee wa heshima kwao, lakini mvua zilikuwa zimekishusha kilima, na sasa ni mwenyeji tu aliyejua kilipokuwa. Kilichomlinda mzee yule ni miti. Madereva wa matrekta waliizunguka kila msimu kwa sababu ilikuwa mikubwa, wakaacha kisiwa cha nyasi ndani ya ngano.

Na Gidahosh hakuwa mtu hivi hivi kwa Isidori. Hilaria, mkewe, alipojifungua Letisia, maziwa yalimkauka kabisa. Gidahosh aliposikia alileta ng'ombe anayekamuliwa, akamwacha kwa Isidori amtunze na mtoto anywe. Watu wa huku wakikabidhiana ng'ombe namna hiyo wamekuwa ndugu. Huwezi kumkamua ng'ombe wa mtu asubuhi, mchana ukamfanyia ubaya.

Kukataa je? Nyumba aliyolala ilikuwa ya shamba. Kwao Masieda kaka zake walikuwa wamegawana ardhi mpaka kwenye vizingiti vya milango, hapakubaki pa kusimika hata nguzo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu akifika hapo hujiona mwerevu. Isidori aliamua kumrudisha ng'ombe. Akisharudisha, alijiambia, undugu umefunguka, na mikono yake itakuwa huru kushika shoka. Jamani, fundi wa mbao na akili za wakili!

Alimkuta Gidahosh mlangoni pa zizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Letisia. Ng'ombe anaumwa?"

"Hapana. Nimemrudisha."

"Mtoto ameacha maziwa?"

"Bado."

"Sasa unamrudisha kwa nini?"

Njiani Isidori alikuwa ameombea mwenzake akasirike, amtukane, amfukuze na fimbo, ili apate sababu. Gidahosh akawa anampapasa ng'ombe shingoni na kungoja kwa upole, na upole ule ulimkera Isidori kuliko matusi. Mwishowe alisema yote, kwa haraka, macho yakiwa chini.

Gidahosh aliacha kumpapasa ng'ombe. "Wewe usipokata, nani atakata?"

"Watatuma watu wengine, na trekta. Hawajui kaburi lilipo."

"Basi kata wewe. Wewe nilikuonyesha baba alipolala. Mti ukikatwa vizuri unaota tena. Ila baba usimguse." Akamkabidhi kamba. "Na ng'ombe, rudi naye. Mtoto atakunywa nini?"

Isidori alirudi na ng'ombe wake, akiwa amefungwa na undugu kuliko alivyokuja. Afadhali angekatazwa.

Alikata kwa adabu. Aliangusha kila mti upande usio na kaburi, akaacha visiki virefu, usawa wa kiuno, akavichonga mshazari ili maji ya mvua yasituame na kuvioza. Mbao zilikuwa mbichi, zikampa tabu ya misumari, lakini chaga zilipatikana na ngano ikalala pakavu. Mvua za kwanza zilipodondoka, visiki vilichipua majani mapana. Isidori alikwenda kuvitazama, akafurahi waziwazi, akamwita Hilaria naye aje aone.

Kisha ukaja wakati wa kulima. Bwana Julius alivikuta visiki vile, akamtuma mtu amwite fundi.

"Miti tulikuwa tunaizunguka kwa sababu inaonekana. Hivi vitafichwa na ngano, vitanivunjia mashine. Ni wewe uliyeviacha, ni wewe utakayevifunga mnyororo. Yoakimu atavuta na trekta."

"Mzee, mizizi imepita kaburini. Mkivuta, mnamtoa mtu."

"Isidori, nyumba unaitaka au huitaki?"

Yoakimu, dereva, alirudisha trekta nyuma mpaka karibu, akatupa mnyororo kwenye nyasi, akageuza uso pembeni. Isidori aliuokota. Ulikuwa mzito, na alikuwa na hasira, nusu kwa meneja, nusu kwake mwenyewe. Angeiacha miti ikatwe usawa wa ardhi na mpumbavu yeyote, leo plau ingepita juu juu na mzee angebaki chini amelala. Huruma yake ndiyo iliyowapa cha kufungia mnyororo.

Alipoinua kichwa, Gidahosh alikuwa anapita pembeni mwa shamba na ng'ombe wake. Mzee alisimama ghafla alipoiona trekta penye kisiwa cha nyasi, akakinga jua kwa mkono, akatazama vizuri. Akamtambua aliyesimama pale ni nani. Wasiwasi ukamtoka, akainua fimbo kumsalimia Baba Letisia, akaendelea taratibu kupeleka ng'ombe majini.